Nungunungu Aliyeng'oa Miiba Yake

Moto ulipoingia msituni, Kiboko alisimama ukingoni mwa mto akawaita wasiojua kuogelea. "Pandeni mgongoni, niwavushe!"

Wote walipanda na kuvushwa, isipokuwa Nungunungu, mwenye haya kuliko wote.

"Mzee Kiboko, nitakuchoma. Ngoja kwanza ning'oe miiba yangu."

"Mwanangu, nimekuuliza habari za miiba? Panda hivyo hivyo ulivyo."

"Hapana, Mzee. Kwetu mtu haingii kwa mkubwa kabla hajanawa miguu."

Akajificha nyuma ya jiwe, akawa anang'oa mwiba mmoja mmoja huku akilia kwa maumivu. Kiboko alimwita mpaka sauti ikamkauka. Moshi ukafunika ukingo wote, na kilio nyuma ya jiwe kikakoma.

Kiboko akavuka peke yake. Ng'ambo alimkuta mke wa Nungunungu, ambaye alikuwa amemvusha mapema, akingoja na miiba yake yote mwilini.

"Baba watoto yuko wapi?"

Kiboko aligeuka kuutazama mto. Ndipo mama yule alipouona mgongo wake. Pale alipokuwa amekaa yeye, damu ilikuwa bado inatoka.

Kumbe Kiboko alijua fika kwamba miiba inachoma, na bado aliita.