Beji ya Sabra

"Ifute, mama! Ifute sasa hivi!"

"Niifute vipi, na watu washaipenda?" Bi Zuwena alishangaa kwenye simu. "Shangazi zako wanalia kwa furaha. Nimeirusha kwenye kundi la ukoo, la kina mama wa maulidi, mpaka kwa wakwe wa dada yako. Mashallah, mwanangu mtafiti!"

Sabra alikaa sakafuni bwenini kwake Raskazone.

Beji yenyewe ilikuwa kinembo tu cha kwenye simu, chuo kimempa kwa ustadi wa kuhoji watu. Lakini ukikigusa, kinafunguka na kukuonyesha kazi aliyoifanya. Na yeye, kwa pupa ya kuipata, alikuwa amepandisha sauti yenyewe ya mahojiano badala ya muhtasari. Jina hakuliweka, haya. Lakini pwani hii nani asiyemjua mtu kwa sauti?

Sauti ilikuwa ya Fanueli, mvuvi aliyeacha uvuvi wa baruti baada ya kukatwa vidole nayo. Alieleza yote: mabomu yanavyofungwa, yanavyofichwa, samaki wanavyouzwa. Alibakiza moja tu. "Tajiri anayetugawia baruti sitamtaja hapa. Nitamtaja wiki ijayo, mbele ya hakimu."

Looh! Na tajiri huyo, awe nani awe nani, sasa angeisikia amekaa kwake anakunywa chai.

Sabra alimpigia Fanueli. Simu imezimwa. Akapiga tena, imezimwa. Kwenda polisi aliogopa, maana Fanueli alimwonya kuwa wamo wanaokula na tajiri.

Akampigia baba yake. Mzee Luqmani aliuza saruji na kokoto Pongwe, mtu wa watu, hajawahi kumpandishia mwanawe sauti.

"Shikamoo baba. Baba, nimeua mtu mie!"

"Marahaba. Tulia, mwanangu. Nimeisikiliza tangu asubuhi. Huyo kijana kajificha wapi?"

"Mwera, kwa shangazi yake Praxeda, nyuma ya kanisa. Ninayejua ni mimi tu."

"Basi usimwambie mwingine. Niko hapa Pangani, karibu na huko, na gari, nimetoka kushusha saruji. Namfuata mwenyewe."

Sabra aliangua kilio. "Mungu akulipe, baba."

Alinawa uso, akatandika kitanda, akakitandua, akakitandika tena. Hofu ilikuwa haijamtoka, ila sasa alikuwa na mtu wa kumbebea. Kila aliposikia bodaboda nje alishtuka, kisha akajikumbusha kuwa baba yuko njiani.

Adhuhuri simu ililia. Namba ngeni.

"Sabra." Alikuwa Fanueli, ananong'ona. "Hii simu ya shangazi. Kuna mzee nje na vijana wake, anasema ni baba yako, ananiita nitoke. Wewe ndiye uliyemwambia niliko?"

"Ni mimi, kaka. Alhamdulillahi, kafika! Mfungulie mlango, amekuja kukuokoa."

Nyuma ya Fanueli mlango ulikuwa unagongwa, kwanza taratibu, kisha kwa teke.

"Mtoto wewe," alisema, "ile baruti ulidhani alikuwa anatugawia nani?"