Kijiko cha Siwema

Mwalimu Kidawa alisimamisha vijiko vitatu vya chuma kwenye sufuria iliyokuwa ikichemka juu ya jiko la mkaa, akawaita wanafunzi watatu waje kushika mipini.

"Joto linapanda kwenye chuma," alisema. "Ukilisikia tu, achia."

Wa kwanza aliachia, akapuliza vidole. Wa pili aliruka kwa kelele, darasa likacheka. Siwema alibaki ameshika, anatabasamu.

"Achia, mwanangu."

"Changu bado hakijapata moto, mwalimu."

Mwalimu alikigusa, akarudisha mkono haraka. Kilikuwa kinaunguza. Akaubandua mkono wa mtoto kwa nguvu. Ncha za vidole zilikuwa zimeshaanza kuvimba, na karibu na kiwiko palikuwa na lile baka jeupe ambalo muhula uliopita mwalimu alidhani ni choa tu, wala hakuwaza ukoma.

Wanafunzi wenzake walikuwa wakipiga makofi.

"Nimeshinda, mwalimu?" aliuliza Siwema, akaviinua vile vidole ili wote wavione.