Mzee Nyamhanga Ahamia Ng'ambo

Haya ni kweli tupu, nikidanganya radi inichape. Siku hizo kila nyumba bondeni ilikuwa na Sikio, mashine ya kuchunguza kinachovunja amani, na sheria ilikuwa moja: mwanzisha uvumi huhamia kwa aliowazushia.

Mzee Nyamhanga alikuwa akinogesha ugali kwa hadithi. "Wale wa ng'ambo ya mto huiba ng'ombe wetu kinyumenyume, nyayo zionekane zinaingia zizini!"

Uvumi ukaenea, vijana wakanoa mishale.

"Chanzo kimepatikana, mzee," Sikio likasema.

"Mdomo huo!" mkewe Bhoke akafoka, akimkunjia blanketi.

Ng'ambo walimpokea vizuri, wakamkalisha karibu na mlango. Adhuhuri filimbi za vijana wa kwao zikavuka mto. Nyamhanga akatoka mbio.

"Nilitunga, wanangu! Nilitunga!"

"Wamemlazimisha mzee wetu," wakasema, wakaongeza mwendo.