Tundu la Mkanda

Ivonete alitia kidole kwenye tundu la kipande cha chuma cha kiti cha basi, akakizungusha taratibu. Kati ya tundu na ukingo, chuma kilichobaki kilikuwa chembamba kama ukucha. Hapo ndipo mkanda wa abiria ungefungwa.

Mchoro mpya, aliouingiza kwenye kompyuta wiki iliyopita, ulisogeza tundu ndani. Lakini mafundi wa kiwanda hiki cha mabasi hutoboa kwa kufuata karatasi iliyobandikwa mashineni, na ile ya zamani hakuna aliyeibandua.

"Kwenye mchoro, rudisha tundu lilipokuwa, tuuidhinishe, yaishe," meneja alisema, akimpokeza kibuyu chenye mrija, cha chai ya majani iitwayo mate. "Mkaguzi anaangalia kama chuma kinalingana na mchoro, basi. Mabasi yanaondoka kesho, dada."

"Na mkanda ukichomoka?"

"Mbona ya zamani yanatembea?"

"Moja lilichomoka. Ndiyo maana nikasogeza."



Ivonete alikuwa amechoka hata kubishana. Alinyonya chai ikaisha, akaufungua mchoro, akabofya alama ya kufuli. Jina lake likatokea juu: mchoro umechukuliwa. Mpaka yeye mwenyewe aurudishe, hakuna wa kuubadilisha wala kuuidhinisha.

Akazima kompyuta. Kile chuma akakitia mkobani, akavaa koti.

"Umemaliza?"

"Nimeuchukua."

"Utaurudisha lini?"

"Mkishatoboa vyuma vingine kwa mchoro mpya," alisema, akamrudishia kibuyu kitupu.