Nembo ya Wakewenza

Haya nilisimuliwa na binti wa mdogo wangu, yule anayepika chai kwenye ofisi ya utalii, Jumapili aliyokuja kunisuka nywele. Alisimulia huku akinivuta kichwa kwa hasira, nami nikavumilia.

Siku hiyo alipoingia na birika, alikuta watu sita wazima na akili zao, kwa siku ya tisa mfululizo, wanabishana kuhusu buluu. Palikuwa na buluu ya kwanza na buluu ya pili, na machoni pake zote mbili zilikuwa shuka ileile, kabla ya kufuliwa na baada.

Buluu hiyo ilikuwa ya anga, nyuma ya jiwe, kwenye bango la jukwaa la uzinduzi, la mwisho kuchapwa. Jiwe lenyewe, tangu enzi za bibi zetu, liliitwa Wakewenza. Wakubwa wakaona jina hilo linawatia haya mbele ya wageni. Wakalifuta, wakaliita Kilele cha Fahari, kisha wakamtafuta mbunifu wa kulitengenezea nembo. Mbunifu huyo, bwana wa miwani ya urembo, alikuwa amekwenda kuliona mara moja tu. Alishuka garini kando ya barabara, akapiga picha, akafuta vumbi viatuni, akarudi zake mjini kuhisi.

Mpika chai alipokuwa akipanga vikombe ndipo akaiona nembo yenyewe. Jiwe moja. Limenyooka, limepigwa pasi, limechongoka kama penseli.

Alijua kosa lilikotokea. Ukisimama barabarani, jiwe la mbele, Bi Mkubwa, humziba mwenzake wa nyuma, Bi Mdogo. Ukizunguka nyuma ndipo unawaona wote wawili, wamepeana mgongo, hawasemeshani. Na miguuni pa Bi Mdogo ndipo inapotoka chemchemi ambayo mama yake, yaani mdogo wangu, huteka maji, yeye na kijiji kizima. Kwenye ramani ya ukutani mahali hapo palikuwa peupe, kama hapana jiwe wala mtu, na uzio mpya wa watalii ulikuwa umechorwa kupita katikati.

Kwa taratibu za ofisi ile, mpika chai hafungui mdomo kikaoni. Akaufungua.

"Samahani wakubwa. Hayo mawe ni mawili."

Mbunifu alimtazama kama anayetazama inzi kwenye sukari. Akamweleza polepole, kama mtu anayezungumza na kiziwi, kwamba nembo si picha, nembo ni hisia, na hisia ya umoja haiwezi kuchorwa kwa mawe mawili.

"Sawa baba," akasema. "Na hiyo hisia inatoa maji?"

Wakacheka, lakini walimcheka yeye. Bwana wa matangazo akamwomba Mama Chai aongeze tangawizi, mawazo yanatosha.

Asiyecheka alikuwa mkurugenzi. Fulana elfu mbili zilikwisha kuchapwa. Mabango yalikwisha kusimama njia nzima ya kwenda kwenye jiwe. Waziri alikwisha kuisifu nembo ile redioni, na Ijumaa angekuja mwenyewe kukizindua hicho Kilele, na msururu wa wageni nyuma yake. Mkurugenzi akamwita dereva, akamwambia akazunguke nyuma ya jiwe, kwa miguu, aangalie.

Dereva alirudi mchana, suruali imejaa miba mpaka magotini.

"Ni mawili, mzee. Tena la nyuma lina watu na ndoo zao."

Mbunifu akavua miwani, akajifanya anaisafisha. Bwana wa matangazo akagundua ghafla kwamba chai ile ilikuwa nzuri sana, akamwomba Mama Chai amwongeze.

Mkurugenzi akainuka, akamsindikiza mpika chai mpaka mlangoni, jambo ambalo hajapata kumfanyia hata mkewe. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Umetuokoa, mama. Hao wageni wangezunguka nyuma wakiwa na fulana zetu mwilini, tungeumbuka mbele ya waziri. Nalishughulikia leo hii."

"Wazazi wangu wako kulekule nyuma, bosi."

"Basi na wao watajionea."

Mpika chai akashuka ngazi kichwa juu, hata mlinzi wa getini akamuuliza kama amepandishwa cheo. Akampigia mama yake simu palepale kituoni. Akamwambia Bi Mdogo sasa anajulikana hadi kwa wakubwa, na yeye ndiye aliyemtambulisha, wateke maji yao kwa raha. Mama yake akapiga kigelegele mpaka simu ikakwaruza. Tangu wakubwa walipolifuta jina la hilo jiwe, binti yule alikuwa hapati usingizi vizuri. Alipofika nyumbani hata viatu hakumaliza kuvua. Alijitupa kitandani jua bado liko juu, akalala kama mtoto aliyeshiba.

Kule ofisini mkurugenzi alijifungia, akaandika barua kwa mkono wake mwenyewe kwenda kwa wapasua mawe wa machimboni. Waje na baruti za kutosha, na kufikia Alhamisi jioni jiwe la nyuma liwe limeondolewa lote, ili mahali pale palingane na nembo. Akaipiga muhuri, akalegeza tai, akaegemeza kichwa kwenye kiti, akaanza kukoroma.