Spika Zisizoimba

Msimamizi wa mbio alimsimamisha Doto kwenye mstari wa kuanzia, akamnyooshea kidole masikioni.

"Dada, vua hizo spika za masikioni. Barabara haijafungwa yote, hutasikia magari."

"Sisikilizi kitu," Doto alisema, akamwonyesha simu. Ilikuwa imezimwa.

"Sasa umezivalia nini?"

Tangu Doto amzike pacha wake, Kulwa, mwezi mmoja uliopita, alizivaa sokoni, kazini, hata jikoni, kwa sababu mtu mwenye spika masikioni watu hawampi pole. Alizivua, akazitia mfukoni, akaanza kukimbia. Hakusikia uchungu wala uchovu. Miguu ilikwenda tu, kama ya mtu mwingine.

Kwenye kilomita ya saba alifikiwa na Mama Nyanjige, mwalimu mstaafu kutoka mji wa jirani, ambaye alikutana na pacha hao kila mwaka katika mbio hizi.

"Doto! Leo uko peke yako? Kulwa yuko wapi?"

"Kulwa amefariki, mama."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo mwenyewe. Alingoja kilio, hakikuja.

Mama Nyanjige alipunguza mwendo, wakapanda kilima bega kwa bega, kila mmoja akiisikia pumzi ya mwenzake.

Juu kulikuwa na meza ya maji. Doto alichukua vikombe viwili, chake na cha Kulwa, kama alivyofanya miaka yote. Alikunywa kimoja. Cha pili alikimbia nacho, maji yakimmwagikia vidoleni.