Shina la Jiwe

Mjane alivuka mpaka na kopo la visukuku vya marehemu mumewe, akavimwaga mezani kwa mwalimu Nabwire. Kwa miaka ishirini Nabwire na marehemu walikuwa wakibishana kwa barua, kila mmoja akidai kwamba yungiyungi wa bahari wa upande wake wa mpaka, mnyama wa kale aliyegeuka jiwe, ni wa aina ya pekee.

Nabwire aliokota kipande cha shina la mnyama huyo, kilichofanana na shanga zilizotungwa, akakilinganisha na chake. Pale vilipovunjikia, vikashikana barabara.

"Kumbe ni mnyama mmoja," mjane akasema. "Sasa nani alikuwa sahihi, mwalimu?"

Bahasha yenye barua ambayo Nabwire alimwandikia marehemu ilikuwa bado mezani, haijatumwa. Akatoa barua, akatia vipande vyote viwili, akailamba gundi na kumkabidhi mjane.